Meya, mkurugenzi, diwani, mwenyekiti wa mtaa: sifa ipi inafaa kiti kipi Tanga

Uchaguzi ukikaribia, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hugawanyika. Mmoja anataka kiongozi mwenye maono, wa pili anataka mkali, wa tatu anataka mtu wa watu. Wote wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa kiti kimoja. Ukali unaomfaa mkurugenzi humvurugia meya kazi, na upole unaomsaidia meya ukihamia kwa mkurugenzi, mitaro inaziba. Ndiyo maana hapa hatulinganishi watu wala vyama. Tunalinganisha sifa, kiti kwa kiti, kwa hali ya Tanga ilivyo leo.

Hali hiyo yenyewe inajulikana. Mji ulijengwa juu ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 20,000. Kamba za nailoni na plastiki ziliangusha bei duniani, mashamba yakataifishwa mwaka 1967 bila mtaji wa kuyatunza, na viwanda vya mjini vikafuata mkondo huo huo. Bandarini, kina kidogo kiliifanya meli itie nanga mbali na mzigo ushushwe kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo, gharama mbili kwa kazi moja.

Sasa upepo umegeuka. Bandari imeongezwa kina kutoka mita 3 hadi 13, gati mbili zenye jumla ya mita 450 zimejengwa upya, na kazi yote imegharimu zaidi ya shilingi bilioni 429. Bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Lakini maamuzi haya yote yalifanyika nje ya ofisi za jiji. Kazi iliyobaki kwa viongozi wa Tanga ni kuhakikisha pesa inayopita mjini inaacha kitu: barabara ya mtaa inayodumu, soko lenye maji, mtaro unaopitisha mvua, kijana mwenye ajira. Sifa tunazotafuta zipimwe kwa kazi hiyo.

Kwanza, nani ana mamlaka gani

| Kiti | Anavyopatikana | Anachoweza | Asichoweza |
|---|---|---|---|
| Mwenyekiti wa mtaa | Kura ya wakazi | Kuitisha mkutano wa mtaa, kusuluhisha, kutambulisha wakazi | Kupanga bajeti ya jiji |
| Diwani | Kura ya kata | Kupitisha bajeti na sheria ndogo, kuhoji hesabu, kuongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata | Kumpangia mtumishi kazi |
| Meya | Kura ya madiwani | Kuongoza Baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi, kukutanisha taasisi | Kuidhinisha malipo |
| Mkurugenzi wa Jiji | Uteuzi wa Rais | Kusimamia watumishi na fedha kama afisa masuuli (anayewajibika kwa matumizi), kuwa katibu wa Baraza | Kupitisha bajeti bila Baraza |

Safu ya mwisho ndiyo ya kusomwa mara mbili. Ahadi nyingi za majukwaani huvunjika kwa sababu aliyeahidi hakuwa na mamlaka hayo tangu mwanzo.

Meya: mwenye maono au mkutanishaji?

Tukae hapa zaidi, maana hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ni ya Tanga UWASA, nguzo za umeme ni za TANESCO, bandari ni ya TPA, reli na ardhi yake ni ya TRC. Meya akisimama Barabara ya Kumi na Mbili na kuahidi lami, anaahidi mali isiyo yake. Anachoweza ni kuwakalisha meza moja wenye barabara, wenye bomba na wenye nguzo kabla lami haijamwagwa.

Asipofanya hivyo matokeo yake kila mkazi anayajua. Lami inawekwa, miezi mitatu baadaye bomba jipya linapitishwa katikati, shimo linafukiwa kwa haraka, na vuli ya kwanza kiraka kinatitia. Sababu ni ya kiufundi na ni rahisi. Udongo wa kufukia unatakiwa kurudishwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ishindiliwe kabla ya nyingine. Ukimwagwa wote mara moja na kushindiliwa juu tu, chini unabaki na mwanya, maji yanapenya kingoni mwa kiraka, na gari la mchanga linamalizia. Hata fundi mzuri hawezi kuokoa barabara iliyokatwa mara tatu kwa mwaka kwa sababu ofisi tatu hazikuongea.

Mkutanishaji hufanya kazi yake kabla ya msimu wa bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo kikao cha taasisi kikifanyika Oktoba au Novemba bado mipango inabadilika. Kikifanyika Aprili kila mtu amekwishafunga hesabu zake. Kila taasisi inaleta orodha ya mitaa itakayochimba. Orodha zote zinawekwa kwenye ramani moja. Utaratibu unakubaliwa: maji safi na maji taka kwanza, mtaro ufuate, kisha nguzo, lami mwisho. Mhtasari unataja kazi, jina la mhusika na tarehe. Baada ya siku 30 wanakutana tena, kwa muda mfupi, kuulizana tarehe tu.

Kinachoharibu vikao vya namna hii ni kile kiti cha mwakilishi. Taasisi inamtuma ofisa asiye na kauli, anasikiliza, anaandika, anasema "nitalifikisha", na jambo linafia hapo. Meya anayejua kazi huandika barua ikimtaja mwenye mamlaka ya kuamua, na orodha ya maamuzi yanayotakiwa inatangulia wiki mbili kabla.

Mfano mzuri wa mkutanishaji ni David Lawrence, meya wa Pittsburgh, Marekani, kuanzia 1946 hadi 1959. Mji wake wa chuma ulikuwa umefunikwa na moshi kiasi kwamba kuna siku taa za barabarani ziliwashwa mchana. Lawrence alikuwa Mdemokrati aliyetegemea kura za wafanyakazi. Mwenye mtaji wa mji alikuwa Richard King Mellon, tajiri wa benki na Mrepublican. Walikubaliana. Sheria ya moshi ilikuwapo tangu 1941, lakini kuitekeleza majumbani kulikuwa kumesogezwa mbele kwa sababu ya vita. Lawrence aliitekeleza mwaka 1947 ingawa iliwagusa wapiga kura wake maskini, waliotumia makaa ya bei rahisi yenye moshi mwingi. Alisimama tena mwaka 1949 na akashinda.

Lakini Pittsburgh hiyo hiyo inaonyesha kasoro ya sifa hii. Meza ya Lawrence ilikuwa ya wakubwa. Katika miaka ya 1950 eneo la Lower Hill, makazi ya Wamarekani weusi wengi, lilibomolewa na watu wapatao 8,000 wakahamishwa ili kupisha ukumbi mkubwa wa michezo. Hawakuwa mezani. Kwa Tanga, ukimsifu meya kwa kukutanisha, uliza pia nani aliitwa. Wavuvi wa Deep Sea, mama lishe, madereva wa bajaji na wafanyabiashara wadogo wa Mgandini wana kauli yao juu ya mradi wowote utakaowasogeza. Kuwahamisha wafanyabiashara kunataka wahesabiwe asubuhi na jioni, kwa sababu wa asubuhi si wa jioni. Vyoo, maji na taa viwepo kabla ya siku ya kuhama. Na daladala zipite pale tangu siku ya kwanza. Kikikosekana hicho cha mwisho, ndani ya mwezi wote wamerudi walikotoka, na hawana kosa.

Na mwenye maono je? Anafaa pale ambapo maono yana mfuko. Sergio Fajardo aliongoza Medellín, Kolombia, kuanzia 2004 hadi 2007, akajenga maktaba na shule nzuri katika mitaa maskini kabisa iliyokuwa imezoea risasi. Watu hukumbuka majengo na kusahau chanzo: mji unamiliki kampuni ya umeme na maji, EPM, na sehemu ya faida yake huingia kila mwaka kwenye hazina ya mji. Jiji la Tanga halina ng'ombe wa maziwa wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, maktaba iliyopigwa picha kuliko zote, ya España, iliyofunguliwa 2007, ilipata hitilafu za ujenzi ikafungwa kwa miaka kadhaa. Jengo la fahari lisilo na fungu la ukarabati ni deni.

Bilbao, Hispania, nayo hutajwa kila mara kwa jumba lake la Guggenheim la mwaka 1997. Kabla ya jumba hilo kulikuwa na mradi wa miaka mingi wa kusafisha mto, metro iliyofunguliwa 1995, na kampuni ya umma iitwayo Bilbao Ría 2000, iliyoundwa 1992, nusu ya serikali kuu na nusu ya taasisi za eneo, ili ardhi ya viwanda vilivyokufa na ya reli iuzwe kwa utaratibu mmoja na pesa irudi mjini. Tanga ina ardhi ya aina hiyo hiyo, katikati ya mji na kandokando ya reli, na wenye nayo ni wengi. Tukiulizwa, jambo la kuiga Bilbao ni ile meza ya wenye ardhi. Jumba linaweza kusubiri.

Chaguo letu kwa kiti cha meya: mkutanishaji, tena bila kusitasita. Njia ya kumtambua ni swali moja ambalo diwani anaweza kumuuliza mgombea kabla ya kumpigia kura: "Nitajie mgogoro ulioumaliza kati ya pande mbili ambazo hakuna hata moja iliyo chini yako. Kila upande ulipoteza nini?" Aliyewahi kusuluhisha kweli anajua nani alipoteza nini. Asiyewahi atakuambia kila mtu alifurahi.

Mkurugenzi: mkali au mfuatiliaji?

Mkurugenzi hapigiwi kura, lakini Baraza linamhoji na wananchi wanamwona, kwa hiyo ni vizuri kujua cha kudai.

Mkali anapendwa haraka. Anafika sokoni, anamsimamisha mtu mbele ya kamera, na wiki hiyo makusanyo yanapanda. Tatizo ni kinachofuata ofisini: watumishi wanaanza kuficha habari mbaya. Gari la taka likiharibika, mkuu wa idara anasema linafanyiwa matengenezo madogo, mwezi mzima. Mashine ya POS ya kukusanyia ushuru ikikaa nje ya mtandao, mkusanyaji hasemi, na pengo kati ya kilichokusanywa na kilichofika benki linakuja kuonekana kwenye taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), wakati pesa haipo tena. Mkuu anayeogopwa ndiye wa mwisho kujua.

Mfuatiliaji hana kelele. Mfano wake ni S. R. Rao wa Surat, India. Septemba 1994 mji huo ulikumbwa na tauni, watu zaidi ya 50 wakafa na mamia ya maelfu wakakimbia. Rao aliteuliwa kamishna mwaka 1995. Aliugawa mji katika kanda sita, kila kanda akampa mkuu mwenye mamlaka ya fedha na watumishi, na akaweka kanuni kwamba asubuhi wakuu wote wawe mitaani, wao na yeye, kisha mchana wakutane kupeana taarifa ya walichokiona. Hakuletewa bajeti ya muujiza. Ndani ya miezi 18 hivi Surat ilikuwa ikihesabiwa miongoni mwa miji misafi zaidi India. Zingatia kwamba alitoa mamlaka pamoja na kazi. Ofisa anayetumwa Makorora akaone mtaro umeziba, lakini hana uwezo wa kuidhinisha hata mafuta ya tipa moja, atarudi na picha tu.

Tuuangalie mtaro huo kwa karibu, maana ndio kipimo kizuri cha mkurugenzi. Usafishaji unatakiwa umalizike kabla ya masika, yaani Februari, na tena Septemba kabla ya vuli. Vibarua wanaingia na makoleo, wanatoa mchanga na plastiki, wanaurundika ukingoni ukauke. Hapo kazi ni nusu. Rundo lisipobebwa ndani ya siku mbili au tatu, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani na malipo yamekwishafanyika. Kosa liko kwenye mkataba: kibarua analipwa kwa mita za mtaro uliochimbuliwa, na kubeba ni kazi ya idara nyingine yenye tipa nyingine. Mfuatiliaji anaunganisha kazi mbili ziwe malipo moja, na analipa baada ya rundo kuondolewa ukingoni. Mkali atafika wakati wa mafuriko na kumfokea mtendaji wa kata.

Taa za barabarani ni hivyo hivyo. Detroit, Marekani, mji uliofilisika kisheria mwaka 2013, ulirudisha taa mpya 65,000 kufikia mwisho wa 2016, mtaa baada ya mtaa, kwa ratiba iliyojulikana. Sisi hatuhitaji taa nyingi kiasi hicho. Kila nguzo ikipakwa namba inayosomeka kutoka chini na simu moja ya kupokea taarifa ikitangazwa, mkazi wa Duga ataweza kusema "namba fulani imezima" badala ya "kule kwenye mwembe". Kisha ihesabiwe siku ngapi zinapita kati ya taarifa na balbu mpya. Idadi hiyo ya siku isomwe kwenye Baraza kila robo mwaka.

Kuhusu kuwapanga wawili hawa: meya mkutanishaji na mkurugenzi mfuatiliaji wanakamilishana. Meya mkali na mkurugenzi mkali hugombana, na kazi zinasimama kusubiri barua kutoka juu. Meya mpole na mkurugenzi mpole hutoa mihtasari mizuri sana huku vizimba vya taka vimefurika.

Diwani: mleta zawadi au msoma hesabu?

Diwani anayechangia misiba, mipira na bati za msikiti ana roho nzuri, na hakuna ubaya. Lakini hiyo ni pesa yake. Kazi aliyopewa ni kulinda pesa yetu, na hiyo inataka mtu anayesoma.

Chukua mikopo ya asilimia 10 ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi. Kanuni ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani yasiyofungwa na matumizi mengine. Tuseme mapato hayo ni shilingi bilioni 5: zinatakiwa milioni 500, yaani milioni 200, milioni 200 na milioni 100. Diwani msoma hesabu ataomba orodha yenye safu nne: kiasi kilichotengwa, kilichotolewa, kilichorejeshwa, na majina ya vikundi kwa kata. Kisha atafanya jambo ambalo wachache hulifanya: atachukua vikundi vitatu vya kata yake na kwenda kuviona. Kikundi hewa hujitambulisha kirahisi, mwenyekiti wake hajui katibu anakaa wapi.

Hesabu safi huzaa pesa, na Tanga tuna ushahidi wetu nyumbani. Mwaka 2024 Tanga UWASA ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira) ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wawekezaji hawakukopesha kwa huruma. Waliangalia ankara zinavyotolewa na zinavyolipwa. Na hesabu haiishii kwenye ankara: maji ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, kwa hiyo deni la mjini linategemea pia mkulima wa Amani asilime hadi ukingoni. Diwani anayeelewa mnyororo huo, kutoka ukingo wa mto hadi ankara ya Mikanjuni, ana thamani kuliko kumi wanaojua kuhutubia.

Akikujia kuomba kura, mwambie akutajie hoja moja ya ukaguzi wa mwaka uliopita iliyohusu jiji na hatua iliyofikiwa. Ripoti za CAG ni za wazi. Kama alikuwa diwani na hajui, hakuwa akisoma makabrasha.

Mwenyekiti wa mtaa: maarufu au mwandikaji?

Hapa maneno ni machache. Umaarufu unasaidia kujaza mkutano, ila kinachomlinda mkazi ni daftari. Mwenyekiti anayeandika anajua kaya zake na wapangaji wake, anabandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, na mihtasari ya mikutano yake ina sahihi za waliohudhuria.

Umuhimu wake unaongezeka kila bei ya ardhi inapopanda, na kuelekea Chongoleani na Pongwe imepanda. Kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu wawili, wote wana karatasi yenye muhuri wa mtaa. Kabla ya kuweka sahihi kama shahidi, mwenyekiti makini hufika kwenye kiwanja chenyewe na majirani wa pande zote, huangalia daftari kama kiliwahi kuuzwa, huuliza kama mke au mume na warithi wamekubali, humpeleka mnunuzi kwa mpimaji wa jiji aulize kama eneo limepangwa kuwa barabara au hifadhi, na huandika namba za simu na vitambulisho vya wote. Mgombea wa kiti hiki akija kwako, muombe akuonyeshe daftari lolote analolitunza sasa hivi, hata la kikoba au la msikiti, na ulifungue kurasa za katikati.